Kona za mdomo zilizopasuka na chungu cha mlenda: kisa cha binti mmoja wa Newala

Nianze na mdomo wenyewe. Binti wa miaka 8, darasa la pili, kaletwa zahanati na bibi yake mwezi wa nne, mvua bado zinapiga, huku juu Makondeni wilaya ya Newala. Kona zote mbili za mdomo zimepasuka, ngozi ya pembeni imekuwa nyeupe kama kidole kilicholowa maji siku nzima, katikati kuna mpasuko mwekundu, na juu ya yote hayo mabaki ya GV, ile dawa ya zambarau, maana alishapakwa wee mpaka kidevuni. Nikamwambia afungue mdomo nione koo, akafungua kidogo tu kama anataka kupiga mluzi akaishia hapo, kona ya kushoto ikatoa tone la damu. Bibi akasema siku hizi hata kucheka hacheki, wenzake wakimchekesha anaziba mdomo kwa kiganja, na mboga ikiwa na chumvi anaisogeza pembeni anakula ugali mtupu.

Na niseme wazi, hii ilikuwa mara yake ya pili kwangu. Wiki mbili nyuma alikuja, nikaona kona, nikawaza fangasi, nikaandika nistatini, hazikufika dakika tatu akawa ameshatoka maana benchi lilikuwa limejaa watoto wenye homa na wote wanasubiri kipimo cha malaria. Kuwaza fangasi sio ujinga, fangasi na bakteria wanapenda sana hiyo mipasuko na mara nyingi unawakuta humo, ila kuwakuta humo haimaanishi wao ndio walioipasua ngozi, na hapo ndipo nilipokosea mimi na alipokosea yule wa duka la dawa aliyeuza GV na yule wa kituo kingine aliyempa vidonge vya antibayotiki vya siku tano. Watu watatu tumeangalia kona za mdomo tu, hamna aliyeangalia mtoto mzima.

Safari hii nikamkalisha. Ulimi wake ulikuwa laini, umelainika isivyo kawaida, vile vijipele vidogo vya juu vimelala, na rangi yake sio nyekundu ya kawaida, ilikuwa kama juisi ya rozela iliyokolea. Kwanza nikadhani ni GV, nikachukua gozi nikalowesha maji safi nikaufuta taratibu, gozi ikatoka na zambarau kidogo lakini ulimi ukabaki vilevile, kumbe hiyo rangi ni yake. Pembeni mwa pua, kwenye ule mkunjo, kuna vigamba vyenye mafuta mafuta ambavyo mama yake alikuwa anadhani ni mtoto haoshi uso vizuri. Macho mekundu bila tongotongo, na kila mlango ukifunguliwa anakunja uso na kugeukia ukutani. Nikamuuliza macho vipi, akasema yana mchanga. Bibi akaongeza kwamba mwalimu anamlalamikia kuwa mvivu, haandiki, anafumba macho ubao ukipigwa na jua. Kope za ndani zimepauka, nikapima wingi wa damu (hemoglobini) ikasoma 9.4, na mtoto wa umri huo tunataka angalau 11.5. Malaria hana.

Mdomo, ulimi, ngozi ya pua, macho, damu. Sehemu tano zinaumwa kwa mkupuo, afu sisi tunapaka rangi sehemu moja.

Kilichonifungua macho zaidi hakikuwa kwa mtoto lakini. Nilikuwa naandika kwenye daftari, nikainua kichwa nikamuona bibi mwenyewe analamba kona ya mdomo wake, analamba tena, na kwenye kona pana mstari mweupe. Nikamuuliza, bibi na wewe? Akacheka kidogo akasema ah mwanangu huu wa kwangu ni uzee. Nikauliza nani mwingine nyumbani. Hapo akaangalia mlango, akasogea karibu, akashusha sauti, akasema mama yake huyu ndio amezidi, ananyonyesha kichanga cha miezi 5, mdomo umepasuka mpaka kupiga mswaki anashindwa, na hakuja mwenyewe kwa sababu kisimani wameshaanza maneno, kwamba ana ngoma kamuambukiza mtoto. Yaani mwanamke amejifungia ndani mwezi mzima, maji anachota usiku, kwa ajili ya kona za mdomo.

Nikamtumia ujumbe aje. Alikuja siku ya tatu, saa moja asubuhi kabla watu hawajajaa, kajifunika mtandio mpaka puani. Tukapima VVU, na hilo ni la lazima, vidonda vya mdomo visivyopona ni sababu tosha ya kumshauri mtu apime na sijutii kumpima. Majibu hasi, akalia pale pale kwenye kiti, sio kilio cha huzuni. Mama huyu ndiye aliyeniruhusu niandike haya, sharti lake nisitaje jina wala kijiji.

Sasa tufikirie. Watu watatu wa nyumba moja wana kitu kilekile. Ama wanaambukizana, ama wanakula chungu kimoja. Wengi wanakimbilia la kwanza. Ila nyumba hii ilikuwa na mtu wa nne anayetusaidia kuamua, naye ni baba. Baba anaendesha bodaboda Mtwara mjini, anarudi kila Jumamosi, analala hapo, anakunywa kikombe kilekile, anambeba mtoto, anakula sahani moja na mkewe, na mdomo wake mzima kabisa. Kama ni maambukizi angekuwa nayo tangu zamani. Ila Jumatatu mpaka Ijumaa baba anakula kwa mama ntilie, asubuhi chai ya maziwa na chapati, mchana wali samaki au wali maharage, kuna siku anakula maini. Anashea na familia yake kila kitu isipokuwa chakula cha siku tano.

Nikamuomba bibi anihesabie chakula cha nyumbani, sio cha jana tu, tangu msimu wa korosho ulipoisha. Huku kwetu bila kuuliza msimu hujauliza kitu. Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili minada ikienda vizuri, hela ya chama cha msingi ikiingia, nyumba inakula samaki, nyama hata mara mbili kwa wiki, maziwa ya unga kwenye chai. Mwezi wa kwanza hela inakwisha, karo na madeni. Kuanzia hapo asubuhi chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, mchana mara nyingi hamna, usiku ugali wa makopa, yaani muhogo mkavu, na mlenda, au kisamvu kilichoanikwa juani juu ya bati kikahifadhiwa kwenye kiroba. Mbaazi zilishauzwa. Dagaa mara moja kwa wiki, kisado kimegawanywa kwa watu wengi. Mayai? Kuku wapo sita wanataga, lakini mayai yote yanaenda dukani, yanarudi sukari na sabuni.

Kuanzia katikati ya Januari mpaka Aprili ni miezi mitatu. Shika hiyo miezi mitatu.

Upungufu niliokuwa naufikiria ni wa riboflavini, yaani vitamini B2. Hii ni vitamini inayoyeyuka kwenye maji, mwili hauna ghala lake la maana, ukizidisha unaikojoa, ukikosa akiba inaisha baada ya miezi michache. Mwaka 1938 kule Marekani watafiti Sebrell na Butler waliwapa wanawake chakula chenye riboflavini kidogo sana kwa makusudi, na baada ya miezi mitatu minne hivi kona za midomo yao zikaanza kupasuka, walipowapa riboflavini zikafunga. Kabla ya hapo watu walikuwa wanachanganya dalili hizi na pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini B3. Kwa hiyo muda aliohesabu bibi kwa misimu ya korosho unaendana na muda walioupata wao.

Riboflavini inafanya nini? Kwa lugha ya kawaida, mwili unaigeuza kuwa vitu viwili, FMN na FAD, ambavyo vimeng'enya vingi vinavihitaji ili chakula kigeuke nguvu. Sehemu zinazojijenga upya harakaharaka, ngozi, ulimi, ukuta wa mdomo, ndio zinaanza kulia. Kwenye macho ile kioo cha mbele haina mishipa ya damu kwa kawaida, mtu akikosa B2 sana mishipa midogo inaweza kuanza kuchomoza humo, mwanga unaumiza, macho yanawasha. Na B2 haikai peke yake, vitamini B6 na foleti zinahitaji B2 ili zifanye kazi, hata madini ya chuma yaliyohifadhiwa mwilini hayatoki vizuri bila yenyewe, ndio maana unaweza kumpa mtu vidonge vya damu mwezi mzima damu ikapanda kwa kusuasua. Pia ndio maana ni nadra kukuta mtu amekosa B2 tu, chakula kinachokosa hii kinakosa na ndugu zake.

Mtoto wa miaka 4 mpaka 8 anahitaji kama 0.6 mg kwa siku. Kidogo mno, sivyo? Yai moja lina kama 0.2. Kikombe kikubwa cha maziwa kama 0.4. Maini ya ng'ombe gramu 100 yanavuka 3, mlo mmoja tu unamtosha mtoto kwa siku kadhaa za hesabu ingawa mwili hautaiweka yote. Sasa unga wa muhogo, gramu 100 zina kama 0.05. Mtoto akila gramu 250 za unga kwa siku, na hapo ameshiba kweli, anapata 0.12 hivi. Tumbo limejaa na nne ya tano ya mahitaji haijaingia. Muhogo sio adui, umetulinda na njaa huku kusini na utaendelea kutulinda, ila unahitaji kisindikizo, na kisindikizo cha nyumba hii ndicho kilichoharibikiwa jikoni.

Hapa ndipo niligundua kitu ambacho nataka kila mtu wa Newala, Tandahimba, Masasi na Lindi yote akisikie. Nikamuuliza mama, mlenda unaupikaje? Akanieleza vizuri, maji yachemke, magadi, mlenda, koroga. Magadi kiasi gani? Akakunja vidole vyote vya mkono akaonyesha ngumi. Kemia yake haihitaji maabara hapa: riboflavini inavumilia moto vizuri tu, kuchemsha peke yake hakuiui, lakini haivumilii magadi na haivumilii mwanga. Kwenye maji yenye magadi mengi inavunjika. Kwenye jua inavunjika. Hata maziwa ukiyaweka kwenye chupa nyeupe juani masaa mawili, zaidi ya nusu inaweza kupotea. Hili la maziwa linaniuma sana, maana tangu wafugaji walipohamia Lindi kutoka Usangu mwaka 2006 na 2007 angalau maziwa yanapatikana barabarani, lakini utayakuta kwenye chupa za maji zilizo wazi, zimepangwa juani kuanzia asubuhi.

Kwa hiyo mboga ya majani, ambayo kwa nyumba isiyo na maziwa wala nyama ndiyo tegemeo, ilikuwa inaanikwa kwenye jua kali, kisha inachemshwa na ngumi ya magadi, na kisamvu kikikamuliwa yale maji ya kijani yanamwagwa, B2 iliyobaki inaenda nayo maana inayeyuka kwenye maji. Mama alikuwa anapika mboga kila siku. Hakuwa mvivu, hakuwa hajali. Alikuwa anapika vile alivyofundishwa na mama yake, na mlenda wa hivyo unateleza vizuri kweli.

Kwa nini yeye alizidi kuliko mtoto na bibi? Kunyonyesha. Mwanamke wa kawaida anahitaji 1.1 mg kwa siku, mjamzito 1.4, anayenyonyesha 1.6, kwa sababu sehemu inatoka na maziwa. Gambia, kijiji cha Keneba, watafiti walikuta upungufu huu umeenea kwa wajawazito na wanaonyonyesha, na sababu ni ileile, maziwa na nyama haba kwenye sahani. Mama ananyonyesha, anakula mwisho, dagaa wakitoka wanaenda kwa watoto.

Je nina uhakika gani? Kipimo halisi cha B2 kinaangalia kimeng'enya fulani kwenye chembe nyekundu za damu, hicho zahanati hatuna wala usikitafute kwa karibu. Tunachofanya ni kukusanya dalili, chakula, kuondoa mengine, halafu kutibu na kuangalia. Mengine tuliyoyaondoa au kuyaweka akilini: fangasi, bakteria, VVU, upungufu wa chuma ambao nao unapasua kona za mdomo, malengelenge ya homa ya mdomo ambayo yanakuja na vipele vya maji na kwa kawaida sio pande zote mbili kwa pamoja, na kwa wazee mdomo kukunjamana kwa kukosa meno mate yakawa yanatuama kwenye kona. Kwa bibi hili la mwisho lilichangia nadhani, meno ya mbele hana.

Tiba. Nikawapa vidonge vya vitamini B kompleksi wote watatu, kwa kukadiria wafike ile dozi ya kutibu ambayo kwa mtu mzima ni kama 5 mpaka 10 mg za riboflavini kwa siku. Angalia lebo maana vidonge vinatofautiana, kuna vyenye 1 au 2 tu. Mtoto nikamuongezea madini ya chuma na dawa ya minyoo. GV nikasema basi, muache mdomo upumue, mafuta ya kawaida ya kulainisha tu.

Siku mbili baadaye simu, mama anahema. Dokta, mkojo wa mtoto umekuwa wa njano kali kama rangi ya soda, sio homa ya manjano hiyo? Nikamwambia akae chini. Macho yake yana njano? Hayana. Homa? Hana. Basi hiyo ndio vitamini yenyewe inatoka, riboflavini ni ya njano kwa asili, jina lake limetokana na neno la Kilatini la rangi ya njano, na mwaka 1879 Mwingereza Alexander Wynter Blyth aliiona kwanza kama rangi tu kwenye maji ya maziwa kabla mtu yeyote hajajua kazi yake. Kosa langu ni kutowaambia mapema, nusura waache dawa. Siku hizi nampa mtu B kompleksi na sentensi ya mkojo kwa pamoja.

Siku ya tano kona za mtoto zilikuwa zimekauka na kuanza kufunga. Wiki ya pili ulimi umerudi rangi yake, vijipele vya juu vinaonekana. Macho yalichelewa, karibu mwezi ndio akaacha kukimbia mlango. Damu baada ya miezi miwili 11.2. Sasa mtu makini ataniuliza, umempa vitu kadhaa kwa mpigo, unajuaje ni B2? Swali zuri. Damu siwezi kuigawa, chuma na minyoo vimo. Ila mdomo ulioshindikana kwa GV, antibayotiki na nistatini kwa wiki sita ukafunga ndani ya siku tano, wakati chuma bado hakijafanya lolote la kuonekana, na bibi na mama ambao sikuwapa chuma nao wakafunga wiki hiyohiyo. Kwangu hiyo inatosha kusema B2 au B2 pamoja na ndugu zake.

Vidonge ni rahisi, mayai ndio yalikuwa vita. Bibi hakukataa kwa ukaidi, alinipigia hesabu, yai moja ni sukari ya asubuhi, ukila mayai utafulia nini? Tukakaa kwenye benchi tukabishana kama watu wa soko. Tukafikia mayai manne kila wiki yasitoke nje ya nyumba, mawili ya mtoto na mawili ya mama anayenyonyesha. Maini ya kuku akichinjwa yasiende kwa mgeni. Dagaa waliwe na vichwa vyao, na mama apate fungu lake kabla sufuria haijamalizwa. Kisamvu kitwangwe na kichemke sana sana, hapo hamna mjadala kwa sababu ya sumu yake, lakini bila magadi, kipikwe na karanga au nazi, na tofauti ya ladha walikiri ni nzuri. Cha kuanika kianikwe kivulini penye upepo. Mlenda nilishindwa kuunyima magadi kabisa, tukakubaliana ngumi igeuke ncha ya kijiko, na siku mlenda upo iwepo na kunde au choroko pembeni.

Mama alirudi kisimani mchana. Hilo halipo kwenye kadi yake ya kliniki lakini kwangu ndio jibu kubwa kuliko namba zote hapo juu.

Mwaka uliofuata mwezi wa pili, njaa imeanza tena, nikamuona bibi yule kwenye benchi langu. Hakuja kwa ajili yake, kamshika mkono mtoto wa jirani, mvulana wa miaka kama sita, mdomo zambarau tupu mpaka kidevuni. Nikamwamkia, shikamoo bibi, huyu naye vipi? Akaitikia marahaba, akamsogeza mtoto kwenye mwanga wa dirisha, akamwambia toa ulimi dokta aone. Kisha akanigeukia akasema, mama yake nimeshamuuliza magadi anaweka kiasi gani. Kanionyesha ngumi.